Huaraz kwa siku tano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huaraz ni mji mdogo wa nyanda za juu za Peru, kiasi cha mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde linaloitwa Callejón de Huaylas. Mashariki yake imesimama Cordillera Blanca, safu ya milima yenye theluji. Magharibi ni Cordillera Negra, isiyo na theluji. Mimi nimekulia Moshi, chini ya Kibo, na tangu nirudi kutoka huko ndugu na marafiki wananiuliza maswali yale yale. Nimeyaweka pamoja hapa, na majibu ninayowapa.

Kwa nini Huaraz, wakati kila mtu anakwenda Cusco na Machu Picchu?

Kama hujawahi kufika Peru na una safari moja tu, nenda Cusco, sitakuzuia. Lakini kama unachokitafuta ni mlima, Huaraz haina mpinzani. Ndani ya mji wenyewe, ukinunua mkate asubuhi, unainua macho na kuuona Huascarán, mita 6,768, mlima mrefu kuliko yote Peru. Cordillera Blanca ndiyo safu yenye barafu nyingi kuliko nyingine yoyote katika ukanda wa tropiki. Kwa mtu wa Afrika Mashariki jambo hilo lina uzito wake: barafu za namna hii ni ndugu wa zile za Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na zote zinaondoka.

Siku ngapi zinatosha?

Tano, ukihesabu kuanzia unapotoka Lima. Nne inawezekana kwa kubana. Tatu nakukataza, kwa sababu mwili wako utakuwa bado haujazoea hewa ya juu unapofungasha kurudi.

Mpango ninaowapa watu ni huu. Siku ya kwanza ni ya basi la mchana na kulala mapema. Ya pili ni ya mji, na mwendo mfupi wa miguu. Ya tatu, Yungay, mji uliofukiwa mwaka 1970, na maziwa ya Llanganuco. Ya nne, Chavín, magofu ya hekalu la kale. Ya tano ndiyo ya kupanda juu zaidi, kisha basi la usiku kurudi Lima. Wakala wengi watakupangia kinyume chake, kwa sababu wao wanajaza viti vya gari la siku hiyo.

Mwinuko utaniumiza? Mimi nina afya njema na nafanya mazoezi.

Unaweza kuwa mkimbiaji wa marathoni na bado ukaumwa. Ugonjwa wa mwinuko, wenyewe wanauita soroche, hauangalii misuli. Unaangalia umepanda kwa kasi gani. Kwa urefu Huaraz iko kati ya vituo vya Mandara na Horombo, kwa wale wanaoijua njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro, na kwenye mwinuko huo kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Anayetoka Nairobi au Arusha ana nafuu kidogo, lakini si ya kujivunia.

Yaliyonipata mimi ndiyo sababu ya kulisisitiza hili. Niliingia Huaraz alfajiri kwa basi la usiku. Kabla sijaweka mizigo hotelini, wakala mmoja pale stendi akaniambia kuna gari linaondoka saa tatu kwenda Pastoruri, kwenye barafu, na hakuna tatizo lolote. Pastoruri inafika mita 5,000. Nilikuwa nimetoka usawa wa bahari saa kumi na mbili tu kabla. Gari liliposimama na nikaanza kutembea, kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma na miguu haikunitii. Nilitapika kando ya njia. Mama mmoja aliyekuwa akikodisha farasi alikuja, akatoa kwenye mfuko wa aproni yake majani ya muña, mmea wenye harufu kama ya mnanaa, akayasugua kati ya viganja vyake na kunishikisha puani. Kisha akanionyesha kwa mkono: teremka. Barafu sikuiona siku ile. Niliporudi mjini, karibu mita elfu mbili chini zaidi ya pale, kichwa kilitulia kabla ya usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku mbili za mwanzo usilale mahali palipo juu zaidi ya mji, wala usipande zaidi ya mita mia chache juu yake. Kunywa maji mara kwa mara, kula vyakula vyepesi, acha pombe. Tembea kama waongoza wageni wetu wanavyowafundisha watu Kilimanjaro: hatua fupi, pole pole, hata kwenye ngazi za hoteli. Dawa ya Diamox inawasaidia wengi, lakini muulize daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una mimba, au una tatizo la moyo, mapafu au figo. Chai ya majani ya koka ni halali Peru na utaikuta kila hoteli. Kunywa huko huko, wala usiweke jani hata moja kwenye begi la kurudi nalo nyumbani, maana huku ni kosa la jinai.

Kuumwa kichwa kidogo usiku wa kwanza ni kawaida. Ila mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, kukohoa makohozi yenye povu au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hapo hakuna kungoja asubuhi. Mteremshe na mpeleke hospitali.

Nitafikaje?

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Lima. Wengi hupitia Ulaya au São Paulo. Pumzika Lima angalau usiku mmoja, kisha panda basi. Ni kama kilomita 400, saa nane hivi. Barabara inafuata pwani ya jangwa kuelekea kaskazini, halafu karibu na Pativilca inaiacha bahari na kuanza kukwea mpaka Conococha, uwanda wa nyasi wenye ziwa, zaidi ya mita 4,000. Hapo ndipo panapoanzia mto Santa, unaoteremka bonde zima mpaka Huaraz na kuendelea.

Mabasi makubwa ni mazuri, yenye viti vya kulala. Watu hupenda la usiku ili kuokoa siku. Mimi nasema chukua la mchana unapokwenda: kutoka mchanga wa pwani hadi theluji ndani ya siku moja ni jambo la kuliona kwa macho.

Msimu upi?

Mei hadi Septemba ni kiangazi: mbingu safi, mchana wa jua kali, usiku wa baridi. Desemba hadi Machi mvua hunyesha, mawingu huficha vilele na barabara za milimani hukatika mara kwa mara. Jihadhari na siku za kuelekea tarehe 28 Julai, sikukuu ya uhuru wa Peru, maana Lima nzima inapanda milimani na mabasi hujaa mapema.

Viza na chanjo?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aombe viza kabla ya kusafiri, na aanze mapema. Mtu mwenye pasipoti ya Marekani au ya nchi za Ulaya kwa kawaida haombi kwa utalii mfupi. Ukipitia nchi nyingine njiani, angalia pia masharti yao ya kupita. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache: Peru ina maeneo ya msitu yenye ugonjwa huo, na unaporudi nyumbani unaweza kudaiwa uwanjani.

Nimeona picha za mji. Mbona ni zege tupu? Yako wapi majengo ya kale?

Swali hili ndilo ninalopenda kulijibu, kwa sababu wageni wengi hushuka kwenye basi, wakatazama matofali yasiyopigwa lipu na nondo zilizochomoza juu ya mapaa, wakaudharau mji ndani ya dakika tano.

Huaraz ya kale ilikuwa na mitaa myembamba na nyumba za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Jumapili ya tarehe 31 Mei 1970, saa 9:23 alasiri, siku ileile Kombe la Dunia lilipofunguliwa Mexico, tetemeko kubwa lilitikisa mkoa wote wa Áncash. Kuta nzito za udongo ziliangukia mitaa ile myembamba, na waliokimbilia nje hawakuwa na pa kwenda. Katika mkoa mzima na majirani zake walikufa watu wapatao 70,000. Zege unaloliona ndilo jibu la walionusurika: mitaa mipana, nyumba zenye nguzo.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 13 Desemba 1941, ziwa Palcacocha lililoko juu ya mji, lililojaa maji ya barafu, lilipasua kingo zake. Maji, matope na majabali vikateremka kwa bonde la mto Quilcay na kufagia sehemu kubwa ya Huaraz. Ziwa hilo bado lipo, na limejaa tena kadiri barafu inavyoyeyuka. Mabomba yamewekwa kupunguza maji, na walinzi wanakaa juu kulitazama usiku na mchana. Saúl Luciano Lliuya, mkulima na mwongoza watalii wa Huaraz, alifungua kesi Ujerumani mwaka 2015 dhidi ya kampuni ya umeme RWE, akitaka ilipie sehemu ya gharama za kuukinga mji, kwa kuwa moshi wa mitambo yake umechangia kuyeyusha barafu. Majaji wa Ujerumani walisafiri hadi Huaraz mwaka 2022 kujionea. Mei 2025 mahakama ya Hamm iliitupa kesi yake, ikiona kwamba nyumba yake yenyewe haiko katika hatari kubwa ya kutosha, lakini ikakubali kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa anaweza kudaiwa. Ukitembea kando ya Quilcay, yakumbuke haya.

Basi siku ya mji nifanye nini?

Anza Jirón José Olaya, mtaa uliosalimika mwaka 1970. Ni mfupi, wa mawe na kuta za udongo, na hapo pekee ndipo utakapoelewa mji ulikuwaje. Ukiweza, nenda Jumapili, wanapouza vyakula vya kienyeji barazani.

Kisha Museo Arqueológico de Áncash, uwanja mkuu wa mji. Ndani pana vyombo na mafuvu, lakini hazina iko bustanini: makumi ya mawe yaliyochongwa na watu wa utamaduni wa Recuay, wengi wao wakiwa ni mashujaa waliochuchumaa, macho ya mviringo, mikono kifuani. Yamesimama nje kwenye nyasi na mtu anaweza kuyakaribia hadi kuona alama za patasi.

Mchana panda teksi hadi Wilcahuaín, magofu ya enzi ya Wari, dola iliyotangulia ile ya Wainka, mita 3,400 hivi, kisha rudi mjini kwa miguu ukiteremka kati ya mashamba. Ni mazoezi bora ya mapafu. Usiende peke yako kwenye kilima cha Rataquenua, maana wageni wameshaporwa huko. Panda kwa gari, mkiwa kundi.

Yungay ni mahali pa utalii au pa msiba?

Pa msiba, na ndiyo maana nakusihi uende. Katika tetemeko lile la 1970 kipande cha barafu na mwamba kilimeguka kutoka kilele cha kaskazini cha Huascarán, na katika dakika chache mji wa Yungay ulikuwa umefunikwa pamoja na watu wake. Walionusurika ni wachache waliokimbilia kilima cha makaburi, ambako sanamu ya Yesu mwenye mikono iliyonyooshwa ingali imesimama, na watoto waliokuwa wamekwenda kwenye sarakasi pembeni ya mji.

Leo pale ni makaburi ya taifa. Ni bustani ya waridi juu ya mji uliozikwa. Utaona kipande cha ukuta wa kanisa, basi lililokunjwa kama karatasi, na mahali pa mitende minne ya uwanja wa zamani. Usipaze sauti, usipande juu ya mabaki. Watu unaowakuta wameinama kwenye misalaba wamekuja kuwazuru mama zao na kaka zao.

Kutoka Huaraz panda combi, ambayo ni daladala au matatu kwa jina jingine, mpaka Yungay mpya. Ni kama saa moja na nusu. Hapo hapo unapata gari la kupanda Llanganuco, maziwa mawili, Chinancocha na Orconcocha, kwenye mita 3,850, yenye maji ya rangi ya feruzi katikati ya kuta za mwamba. Kando ya maji imeota miti ya queñual, yenye magome mekundu yanayobanduka kama karatasi nyembamba. Nilivuta gome moja kati ya vidole na chini yake kulikuwa na jingine, na jingine tena, laini kama ngozi ya kitunguu. Mti hujivika hivyo dhidi ya baridi.

Siku ya mwisho: Laguna 69 au Pastoruri?

Laguna 69 ni ya wenye miguu. Gari linaondoka alfajiri sana, safari ya saa tatu, kisha unatembea kilomita kama 7 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kutoka mita 3,900 hadi karibu 4,600, yaani chini kidogo ya kituo cha Kibo. Kipande cha mwisho ni zigizaga za kukatisha tamaa. Juu ni ziwa la buluu chini ya mlima Chacraraju, na barafu ikining'inia juu yake.

Pastoruri haikutaki utembee mbali, lakini ni juu zaidi, na niliyekwisha kueleza yaliyonipata nakuonya tena. Niliirudia siku yangu ya tano, na safari hii nilifika. Zamani watu waliteleza juu yake kwa skii. Leo hairuhusiwi hata kuikanyaga, na ubao njiani unaonyesha barafu ilikuwa imefika wapi miaka iliyopita. Nilisimama kwenye ubao huo na barafu ikawa bado iko mbali. Bibi yangu alikuwa akituambia Kibo ya utoto wake ilivaa nyeupe hadi mabegani. Kipimo kinaonyesha Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Kusimama Pastoruri ni kuisikia habari ileile kwa lugha nyingine.

Njiani mwa Pastoruri utaona Puya raimondii, mmea wa miiba unaokaa miongo mingi bila ua, ukachanua mara moja mnara wa maua unaoweza kupita mita 8, kisha ukafa. Wanaoijua lobelia kubwa ya Kilimanjaro watashtuka kwa kufanana kwao.

Llanganuco, Laguna 69 na Pastoruri ziko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Huascarán, iliyoanzishwa 1975. Kiingilio cha siku moja ni soli 30 (soli ndiyo fedha ya Peru), na risiti yako itunze.

Chavín inastahili siku nzima?

Inastahili. Ni saa tatu za gari, unapita handaki lililotobolewa mlimani kwenye mita 4,500 na kuteremka upande wa pili. Chavín de Huántar ilikuwa mahali pa ibada miaka zaidi ya 2,500 iliyopita, na UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1985. Chini ya hekalu pana njia za mawe, nyembamba na za giza, na katikati yake limesimama Lanzón, jiwe la mita nne na nusu lililochongwa mungu mwenye meno ya chui. Bado liko palepale lilipowekwa. Katika jumba la makumbusho la hapo wameweka makombe ya baharini yaliyogeuzwa baragumu, yaliyoletwa kutoka bahari ya mbali hadi huku milimani ili yapulizwe gizani. Mtu wa pwani hawezi kuyapita bila kusimama.

Nitakula nini? Kuna chakula halali?

Viazi mviringo asili yake ni Andes, na huko utaona vya zambarau, vya njano, virefu kama kidole. Jaribu llunca, supu nzito ya ngano na kuku wa kienyeji, na pachamanca, nyama na viazi vilivyopikwa shimoni kwa mawe ya moto. Cuy ni simbilisi, wale wale wanaofugwa Iringa na Njombe. Hotelini humletea mgeni mzima mzima, na kichwa chake.

Ninachokumbuka zaidi ni chocho: maharage meupe machungu yanayoloweshwa maji kwa siku kadhaa hadi uchungu utoke, kisha yanachanganywa na kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili. Ni kachumbari kabisa, na inauzwa kwenye kikombe barabarani kwa bei ndogo.

Kwa Mwislamu, nyama ya halali usitegemee kuipata. Ule samaki wa trucha, mayai, chocho, wali na viazi, na uliza kila mara kama kuna *cerdo*, yaani nguruwe, ndani ya supu. Chicha morada ni kinywaji cha mahindi ya zambarau, hakina kilevi. Chicha de jora ina kilevi, ni jamaa ya mbege. Chakula cha mchana cha *menú*, supu na sahani na kinywaji, ni kati ya soli 10 na 15. Maji ya bomba usinywe.

Nisipojua Kihispania?

Utapata shida, lakini utapita. Kiingereza kiko kwa wakala na hoteli za wageni tu. Vijijini wanazungumza Kikechua cha Áncash. Jifunze kusalimu kabla ya kuuliza chochote: *buenos días* asubuhi, *buenas tardes* mchana. Ni watu wa salamu kama sisi, na anayeanza na bei bila salamu hujibiwa kwa mkato.

Mtu mweusi atapokelewaje?

Watakutazama, hasa watoto, na baadhi wataomba picha. Katika sensa ya 2017 zaidi ya watu 800,000 walijitambulisha kuwa Waperu wenye asili ya Afrika, ila wengi wao wako pwani. Utaitwa *moreno* au *negrito*. Kwao mara nyingi ni namna ya kuita tu, kama wanavyomwita mtu mnene "mnene". Mimi lilinikera, nikasema jina langu, na kuanzia hapo wakaniita kwa jina.

Nguo gani, na fedha gani?

Jaketi zito, sweta, glavu, kofia ya jua na ya baridi. Usinunue vipya: mitumba ya Memorial pale Moshi, Karume au Gikomba inatosha. Mafuta ya kukinga jua ni lazima hata kwa ngozi nyeusi. Mimi midomo ilipasuka hadi damu.

Dola moja hupata kati ya soli tatu na nne. Mashine za kutolea pesa ziko barabara ya Luzuriaga. Kabla ya kwenda Chavín au vijijini beba noti ndogo, maana noti ya 100 hakuna wa kuichenji.

Kwenye basi nikae upande gani?

Kwenda, kaa kulia. Ukishapita Conococha na kuanza kuteremka bondeni, vilele vyeupe vitajitokeza upande huo kimoja baada ya kingine. Ukirudi kwa basi la mchana, kaa kushoto, na usifunge pazia mpaka Conococha. Baada ya hapo barabara inageuka kuifuata bahari.